Siku ya Tatu Mpe Jembe: Ugeni Chuoni na Wajibu wa Mwalimu

Ipo methali ambayo kila mwanachuo anaifahamu tangu alipokuwa shule ya msingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu hufundishwa kama onyo kwa mgeni mvivu, nami niliifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, nikiwataka wanafunzi waandike insha juu ya ubaya wa kula pasipo kufanya kazi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba tumeisoma methali hii upande mmoja tu.

Tuitazame tena. Anayeamriwa katika methali hii si mgeni, bali mwenyeji. Yeye ndiye aambiwaye “mpe”. Anatakiwa aingie ndani, atoe jembe lake, amkabidhi mtu ambaye juzi hakumjua, na amwonyeshe sehemu ya shamba itakayokuwa yake kulima. Mwenyeji asiyefanya hivyo, hata akimchinjia mgeni wake kuku kila siku, amemwacha katika ugeni wa daima. Anayekula tu ni mgeni. Anayelima ni mtu wa nyumba hiyo.

Naliandika jambo hili kwa ajili yenu, ndugu wanachuo, kwa sababu mbili. Kwanza, ninyi wenyewe mnaishi katika bweni moja na wenzenu waliotoka pande zote za nchi, wenye vyakula, lafudhi, desturi na imani mbalimbali. Pili, si muda mrefu kutoka sasa mtasimama mbele ya darasa ambamo patakuwa na mtoto mmoja aliye mgeni. Namna mnavyoishi humu bwenini ndiyo somo la kwanza la namna mtakavyomfundisha mtoto yule.

Kijana wa Mafia

Miaka michache iliyopita nilikuwa mlezi wa bweni katika chuo kimoja cha nyanda za juu za kusini. Miongoni mwa wanachuo wapya alikuwamo kijana aliyetoka kisiwa cha Mafia. Alifika na begi moja na shuka nyepesi, wakati ambapo sisi wenyeji wa baridi tulikuwa tukilala na mablanketi mawili. Jumamosi ya kwanza tulifanya sherehe ya kuwapokea wageni. Palikuwa na chai, maandazi, ngoma na kwaya. Kila mkoa ulitakiwa uonyeshe kitu cha kwao. Kijana yule, akiwa peke yake kutoka kisiwa chake, alisimama, akataja jina lake, akaketi. Tukampigia makofi mengi. Nilikwenda kulala nikiamini kwamba kazi ya kupokea wageni imekamilika.

Katika majuma yaliyofuata alikuja darasani kila siku, wala hakufanya kosa lolote. Lakini lafudhi yake ilikuwa ya pwani. Alisema “nnakwenda” mahali ambapo wenzake walisema “ninakwenda”, nao wakacheka. Huo ni msiba wa aina yake, kwamba mtoto wa watu ambao Kiswahili ni lugha ya mama zao achekwe kwa Kiswahili chake na watu waliojifunza lugha hiyo shuleni, mimi nikiwa mmoja wao. Hawakucheka kwa chuki. Hata hivyo, yeye akapunguza kusema. Bwaloni alikaa mwisho wa meza. Wengine walikuwa na vikundi vyao vya nyumbani, wakisemezana kwa lugha zao wakati wa jioni. Yeye hakuwa na wa kusemezana naye.

Juma la sita aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi, kwa maana nilihisi kwamba hana nia ya kurudi. Nikamwuliza, “Kijana wangu, kuna mtu aliyekukosea?” Akajibu, “Hapana, Mwalimu. Mmenipokea vizuri, shukrani. Lakini nikiondoka leo, hakuna kazi itakayolala.” Akapanda basi. Hakurudi tena.

Niliporejea ofisini nilitoa jalada lake nikaisoma fomu yake ya kujiunga, jambo ambalo ilinipasa kulifanya siku ya kwanza. Mahali pa kazi ya mzazi palikuwa pameandikwa: mvuvi na mfumaji wa nyavu. Mahali pa mambo ayawezayo mwanafunzi aliandika: kufuma na kutengeneza nyavu, kuogelea, hesabu. Sasa, katika ghala yetu ya michezo nyavu za magoli zilikuwa zimelala zaidi ya mwaka mmoja, zimechanika, na kila mkutano wa kamati ya michezo ulilalamika kwamba hakuna fedha za kununua nyingine. Palikuwa na jembe, palikuwa na shamba, na palikuwa na mkulima. Aliyekosekana ni mwenyeji wa kusema “mpe”. Mwenyeji huyo alikuwa mimi.

Ukarimu hautoshi

Tukio hilo lilinifanya nitofautishe mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya. Jambo la kwanza ni kupokewa, na la pili ni kuhitajiwa. Kupokewa hutokea mara moja na kazi yote huwa juu ya mwenyeji. Kuhitajiwa huendelea kila siku, na mgeni naye hubeba sehemu yake. Vyuo vyetu vina ustadi mkubwa wa kupokea. Tunajua kupika pilau, kupanga viti na kutoa hotuba. Ama kuhusu kuhitajiana, tunaacha mambo yajiendee yenyewe, tukidhani kwamba vijana wakiishi pamoja watazoeana tu.

Wahenga wetu hawakuuachia ugeni ujiondokee wenyewe. Fikirini juu ya utani baina ya makabila yetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara iliyokwenda pwani, nao wakawa watani. Watu wengi huona utani kuwa ni mizaha tu. Lakini mtani wa kweli huonekana msibani. Kwa desturi, watani ndio washikao kazi nzito siku hiyo: kuchimba kaburi, kupika, kuwachangamsha wafiwa kwa vituko vyao. Mzaha ni haki inayotokana na wajibu. Ndiyo sababu mzaha wa wenzake juu ya lafudhi ya kijana yule haukuwa utani, ingawa wao waliuita hivyo. Hawakuwa na wajibu wowote kwake, naye hakuwa na wajibu wowote kwao. Mzaha usio na wajibu nyuma yake humsukuma mtu nje.

Walivyoishi wanafunzi wa vyuo vikuu

Si vyuo vya ualimu peke yake vinavyokabiliwa na jambo hili. Kila mahali ambapo vijana wa mataifa mbalimbali wamekusanywa kusoma, swali lilelile limezuka: je, ni nini kinachomfanya mtu ajione kuwa wa mahali pale?

Katika London ya miaka ya 1920, wanafunzi wa Afrika Magharibi walikuwa na nafasi zao katika vyuo, lakini walipotafuta vyumba vya kupanga wenye nyumba wengi waliwafungia mlango kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1925 Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, akishirikiana na wenzake, alianzisha Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi. Kati ya mwaka 1929 na 1932 alizunguka Afrika Magharibi akichangisha fedha, na mwaka 1933 umoja huo ukafungua hosteli yake katika eneo la Camden. Watu hao hawakupewa jembe na wenyeji wao; walijitengenezea. Wanafunzi kutoka makoloni mbalimbali, ambao huenda wasingekutana kamwe kwao, walifahamiana kwa kuwa walikuwa na nyumba ya kuitunza pamoja.

Mfano wa pili uko kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka ile ya mwanzo vyuo vitatu viligawana masomo ya kitaalamu. Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na Mkenya au Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Hivyo kila nchi ilikuwa na wageni kwa nchi nyingine, na kila nchi ilihitaji kitu kutoka kwa jirani. Mpango huo ulikwisha mwaka 1970, chuo kikuu hicho kilipogawanywa katika vyuo vikuu vitatu vya taifa.

Mwaka 1967, pale Mlimani, wanafunzi waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa herufi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, ambaye mwaka 1986 alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Miongoni mwa walimu walioshirikiana nao alikuwamo Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Mwaka 1969 walianza kutoa jarida liitwalo Cheche, na miongoni mwa wahariri wake walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Umoja huo ulipigwa marufuku mwaka 1970, na jarida likafa pamoja nao. Si kusudi langu kuamua hapa kama siasa zao zilikuwa sahihi. Ninachotaka mkione ni namna walivyoungana. Vijana wenye asili ya Kiafrika na ya Kiasia, Watanzania na watu wa mataifa ya jirani, Waislamu, Wakristo, Wahindu na wasio na dini, hawakuunganishwa na sherehe ya utamaduni. Waliunganishwa na makala yaliyopaswa kuandikwa, kurasa zilizopaswa kupigwa chapa, na nakala zilizopaswa kuuzwa. Mmoja asipofika, kazi hulala.

Yako pia mafunzo ya upande wa pili. Mwaka 1960 serikali ya Kisovieti ilifungua mjini Moscow chuo kikuu maalumu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikaja kupewa jina la Patrice Lumumba. Katika nchi ile wanafunzi wa Kiafrika walipewa nauli, posho na mabweni. Kwa ukarimu hapakuwa na upungufu. Hata hivyo, Desemba 1963, baada ya kifo cha mwanafunzi mmoja wa Ghana, mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu kulalamikia namna walivyotendewa na raia. Fedha ya serikali huweza kumnunulia mwanafunzi kitanda, lakini haiwezi kumpa majirani.

Sisi walimu hupenda ushahidi wa majaribio, nao upo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi, wakawapeleka kambini katika jimbo la Oklahoma, Marekani, wakiwa wamegawanywa katika makundi mawili. Baada ya siku chache za mashindano, makundi hayo yalichukiana. Watafiti wakajaribu kwanza kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja na kuwaonyesha sinema pamoja. Matokeo yake wavulana walitukanana na kurushiana chakula. Kisha watafiti wakapanga matatizo ambayo kundi moja pekee lisingeweza kuyatatua: maji ya kambi yalikatika, na lori la chakula likakataa kuwaka. Wavulana wakalivuta lori kwa kamba ileile waliyokuwa wameshindania kuvutana. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo uadui ulipungua sana, hata wengi wakaomba kurudi nyumbani katika basi moja. Kwa kula pamoja hawakupatana, bali kwa kuvuta kamba upande mmoja.

Hoja za wanaopinga

Nimezungumza na wakufunzi wenzangu juu ya jambo hili, nami sina budi kuzijibu hoja zao kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema kwamba mizizi ya ugeni ni vikundi vya nyumbani, kwa hiyo vipigwe marufuku. Siikubali. Kijana aliye mbali na kwao anahitaji mahali pa kusema lugha ya mama yake na kuulizia habari za mvua. Mwalimu Nyerere aliposomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, Watanganyika walikuwa wachache pale. Yeye na Andrew Tibandebage waliunda chama cha kuwasaidia wenzao wa Tanganyika. Hicho kilikuwa kikundi cha nyumbani hasa. Lakini hakikufunga mlango. Baadaye kiliungana na Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, ambacho ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954. Kikundi cha nyumbani ni kama baraza ya nyumba: ni pahali pazuri pa kupumzika, na kutoka hapo mtu huona njia na wapitao. Kosa ni kuigeuza baraza kuwa chumba na kufunga mlango kwa ndani. Tena tukumbuke kwamba kuvunja vikundi hivyo kusingemsaidia kijana wa Mafia hata kidogo, kwa sababu yeye hakuwa na kikundi.

Hoja ya pili husema kwamba wageni tayari hupewa kazi. Ni kweli, na ni aibu. Katika vyuo vingi njuka huoshewa vyombo? La, njuka ndiye aoshaye vyombo vya wakongwe, ndiye achotaye maji yao, ndiye atandikaye vitanda vyao. Hilo silo jembe ninalolitaja. Tofauti ni rahisi kuitambua. Kazi ya dharau ni ile ambayo mtu yeyote angeweza kuifanya, na ambayo mwenyeji huikwepa. Kazi ya heshima ni ile ambayo mwenyeji anaithamini, anaiamini mikononi mwa mgeni, na atapata hasara ikiharibika. Anayempa mgeni ufunguo wa ghala amempa heshima. Anayempa sufuria chafu amemtumia tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Husema kwamba kazi yetu ni muhtasari wa masomo, na kwamba upweke wa mwanachuo ni jambo lake binafsi. Nami najibu kwa kuuliza: ni somo gani alilojifunza kijana yule katika majuma sita? Mtu anayeogopa kuchekwa haulizi swali, asiyeuliza swali hasahihishwi, asiyesahihishwa hajifunzi. Upweke huingia darasani pamoja na mwanafunzi na kuketi naye kwenye dawati lake. Zaidi ya hayo, kuondoka kwake kuna shule moja ya msingi iliyomkosa mwalimu wa hesabu.

Tulichojaribu mwaka uliofuata

Mwaka uliofuata tulibadili utaratibu katika bweni letu. Sherehe ya mapokezi tuliiacha palepale, kwa maana sina ugomvi na maandazi. Lakini kabla ya siku ya tatu kwisha, kila mwanachuo mpya alikuwa na jukumu lenye jina lake katika ubao wa matangazo. Huyu alitunza kengele, yule gazeti la ukutani, mwingine bustani ya mboga, mwingine taa na mafuta yake, mwingine sanduku la huduma ya kwanza. Kila jukumu lilikuwa na watu wawili waliotoka mikoa tofauti, mmoja mkongwe na mmoja mgeni.

Hatukufaulu katika yote. Wawili wa bustani waligombana hadi mchicha ukakauka. Baadhi ya wakongwe walinung'unika kwamba njuka wamepandishwa vyeo. Nami mwenyewe nilikaribia kufanya kosa jipya. Alikuja binti kutoka familia ya wafugaji wa wilaya ya Hanang, na bila kufikiri nikaliandika jina lake kwenye ng'ombe wa chuo. Alikuja ofisini, akasimama kwa adabu, akasema, “Mwalimu, ng'ombe nimewachunga tangu utoto. Naomba nijaribu kitu kingine.” Nikamwuliza angependa nini. Akasema anapenda hesabu. Tukampa daftari la duka la ushirika la wanachuo. Tangu siku hiyo kila aliyetaka sabuni au kalamu alilazimika kwenda kwake, kumwita kwa jina lake, na kumsubiri amalize kujumlisha. Muhula ulipokwisha hapakuwa na mtu chuoni asiyemfahamu.

Kutokana na binti huyo nilijifunza kwamba jembe haligawiwi kwa kabila. Mwana wa mvuvi huenda anapenda nyavu, au huenda amezichoka; njia ya kujua ni kumwuliza. Kosa langu kwa kijana wa Mafia halikuwa kushindwa kubuni kwamba anajua nyavu. Kosa langu ni kwamba sikuuliza, wala sikusoma alichokuwa amekwisha kuniandikia.

Katika darasa lenu

Sasa nigeukie shule ya msingi, ambako ndiko mnakokwenda. Mtoto mgeni atakuja kwa njia nyingi. Atakuwa mtoto wa askari au karani aliyehamishwa. Mtoto wa wafugaji waliohama kutafuta malisho. Mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake baada ya kufiwa. Au mtoto wa darasa la kwanza asiyejua Kiswahili kwa kuwa nyumbani husemwa lugha nyingine. Nashauri mambo manne.

Kwanza, jifunze jina lake na ulitamke kama mama yake anavyolitamka. Usilifupishe kwa kuwa ni gumu kwako. Darasa zima litamwita kama utakavyomwita wewe.

Pili, kabla ya siku ya tatu kwisha mpe jukumu ambalo wengine wanalitegemea: kutunza chaki, kugawa madaftari, kuandika tarehe ubaoni. Mtoto asiyejua lugha aweza kutunza chaki sawasawa na anayeijua.

Tatu, panga kazi za vikundi kwa namna ambayo hakuna awezaye kumaliza bila mwenzake. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, shule za Marekani zilipokuwa zikiwachanganya watoto wa rangi mbalimbali waliokuwa wametengwa kwa muda mrefu, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ya vipande. Somo hugawanywa katika sehemu tano au sita. Kila mtoto wa kikundi hupewa sehemu moja tu, huisoma pamoja na watoto wa vikundi vingine wenye sehemu hiyohiyo, kisha hurudi kuwafundisha wa kikundi chake. Mwishoni wote hupewa jaribio juu ya somo zima. Anayemcheka mwenzake asiyejua kusema vizuri hujikosesha alama mwenyewe; basi hujifunza kumsikiliza na kumwuliza kwa upole. Msidhani kwamba njia hii ni ya shule tajiri. Ukiwa na kitabu kimoja na watoto 80, nakili sehemu za somo la Ziwa Victoria, yaani uvuvi, usafiri, kilimo na hali ya hewa, kwenye vipande vya maboksi, kila kikundi kipate seti moja. Upungufu wa vitabu, ambao kwa kawaida ni adui yetu, hapa ni sababu ya watoto kuhitajiana.

Nne, chunguza. Tangu miaka ya 1930, kutokana na kazi ya Jacob Moreno, walimu wamekuwa wakitumia njia nyepesi ya kuutazama urafiki darasani. Kila mtoto huandika kwenye karatasi majina ya wenzake wawili ambao angependa kufanya kazi pamoja nao. Zikusanye karatasi hizo, uzisome ukiwa peke yako, na usimwonyeshe mtu. Mtoto ambaye jina lake halikuandikwa na yeyote ndiye kazi yako ya mwezi ule. Rudia baada ya muhula uone kama jina lake limeanza kutokea.

Hayo yote hayahitaji fedha. Yanahitaji mwalimu anayetazama. Nanyi mwaweza kuanza leo jioni, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtakapoingia bwaloni, tazameni mwisho wa meza. Pengine yupo mwenzenu aketiye pale, aliyepigiwa makofi siku ya sherehe na kusahauliwa siku iliyofuata. Msimwendee kwa huruma, maana huruma nayo humweka mtu katika ugeni. Mwendeeni mkiwa na kazi ambayo kweli imewashinda, mwombeni awasaidie.

Nyavu zetu za magoli zilitengenezwa hatimaye. Chuo kilimlipa fundi kutoka mjini. Kila nizionapo zikitikisika baada ya goli, naikumbuka ile fomu iliyolala jaladani kwa majuma sita bila kusomwa.